Mazuku kwenye parsele ya Bulengo

Uliyeuliza kama shimo la parsele (kiwanja) yako ya Bulengo, karibu na Goma, linafaa kwa vyumba vya chini vya wageni: hapana. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, haina harufu; hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Kujaza shimo kwa mawe matupu hakutoshi, maana gesi hupanda kwenye nyufa za lava. Ukijenga juu yake, mwaga beto (zege) juu ya mawe, inua sakafu, acha matundu ya hewa chini kabisa ya ukuta, si madirisha tu. Asilale mtu kwenye godoro la chini. Na lile jaribio la kushusha taa shimoni uone kama itazimika? Ikizimika, umeshachelewa; ikiwaka, bado gesi inaweza kukulevya. Omba OVG (kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma) wapime gesi alfajiri, si saa sita mchana, kabla hujanunua sima ya kujengea.