Umefika kitabu cha 10 cha Wheel of Time na watu wanakwambia uache? Soma hapa kwanza

Habari zenu wapendwa. Leo nataka niongee na wale mnaosoma Wheel of Time, ile sirizi ya riwaya za kichawi ya vitabu 14 ya Robert Jordan, hasa nyie mliomaliza kitabu cha tisa afu mkaingia mtandaoni kuulizia cha kumi, Crossroads of Twilight, mkakutana na maneno ya watu mpaka hamu ikaisha. Mimi yalinikuta hayo hayo na nilipoteza karibu miaka miwili kwa sababu yake, ndo maana naandika. Ila niseme mapema, namwaga mchele kidogo humu, kama hujafika hata cha tisa soma kwa tahadhari.

Mimi sirizi hii niliianza kwa kitabu cha mtumba, kile cha kwanza, nilikinunua kwa wale wauza vitabu wanaopanga chini pale Posta, Dar, kilikuwa kimechanika jalada la nyuma, na tangu siku ile sikupumzika. Cha pili, cha tatu, cha nne, hicho cha nne nakwambia nilikimaliza saa tisa usiku na asubuhi nina kazi. Ndo unafika cha nane unaanza kuona mwendo unapungua, cha tisa kinasuasua katikati afu mwishoni kinalipuka, Rand, yule shujaa mkuu, na mwenzake Nynaeve wanasafisha saidin, yaani ile nguvu ya kichawi ya wanaume iliyokuwa na sumu kwa zaidi ya miaka 3000 na iliyokuwa inawatia wazimu. Nilipofunga kile kitabu mikono inatetemeka. Nikasema nataka cha kumi leo leo.

Nikamuuliza rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo, yeye ndo aliyenipa huu ugonjwa, akaniambia "dada yangu ruka hicho, hakuna kinachotokea, soma muhtasari uende cha 11." Nikaingia mtandaoni kuhakikisha, nako ni vilio vitupu. Kitabu cha kuchosha, kurasa zaidi ya 600 za chai na kuoga, Rand haonekani, mwandishi anatuzungusha ale hela. Wasomaji wa sirizi hii wana mpaka jina lao la hiyo sehemu, kuanzia kama cha nane hadi cha kumi, wanaita "slog", yaani ule mwendo wa kutembea kwenye tope hadi magotini. Nikavunjika moyo kabisa, nikaweka pembeni nikahamia kwenye vitu vingine.

Sasa kitu ambacho sikukifanya, na ndo ushauri wangu wa kwanza na ndo mkubwa kuliko yote: sikuangalia tarehe. Maoni mengi yale makali yaliandikwa 2003. Hebu fikiria maisha ya mtu wa 2003. Kitabu cha tisa kimetoka Novemba 2000 kikaishia pale kwenye moto wa saidin, yeye amesubiri zaidi ya miaka miwili, Januari 2003 anapanga foleni dukani ananunua cha kumi kwa bei ya jalada gumu, anafungua, anakuta sehemu kubwa ya kitabu inarudi nyuma kwenye ile ile siku ya saidin, tunaonyeshwa watu wengine walikuwa wapi wakati Rand anapambana, kila mwenye uwezo wa kuchaneli, yaani kutumia ile nguvu ya kichawi, anahisi kitu kikubwa kinawaka mbali huko na hajui ni nini. Kurasa mia kadhaa watu wanajiuliza swali ambalo msomaji jibu lake analo tangu mwaka 2000! Afu akimaliza, Egwene, mmoja wa wahusika wakuu, ametekwa kwenye sura ya mwisho, na cha 11 kinatoka Oktoba 2005. Yaani karibu miaka mitano mtu anangoja hadithi isogee. Hata mimi ningelia jamani, na simlaumu mtu hata mmoja wa wale. Na wala sio kwamba walikuwa wachache au hawakuipenda sirizi, kile kitabu kilipotoka kilishika namba moja kwenye orodha ya New York Times, walionunua ndo hao hao waliolia, kwa sababu walikuwa wanaipenda.

Lakini wewe hungoji. Wewe cha 11 kipo, cha 12 kipo, mpaka cha 14 vipo vyote. Kwahiyo ukisoma maoni ya kitabu cha mbele kwenye sirizi ndefu, jiulize huyu mtu alikuwa anasoma kitabu au alikuwa anahesabu miaka, maana hivo ni vitu viwili na vinatoka kwenye mdomo mmoja bila yeye mwenyewe kujua. Iko hivo hivo kwa A Feast for Crows ya George R. R. Martin, kitabu cha nne cha ile sirizi ya Game of Thrones, waliokisoma 2005 walikaa mpaka 2011 ndo wakawaona tena wahusika kama Jon na Tyrion na Daenerys kwa kirefu, wewe unayesoma sasa hivi unageuza tu kitabu unaendelea.

Ushauri wa pili, usikifungue cha kumi kama cha 11 huna mkononi. Hii naisema kwa uchungu. Niliporudi kwenye sirizi nilianza cha kumi peke yake, nikaboreka katikati, na hapo nikafanya kosa, nikaruka sura za Perrin, rafiki wa Rand tangu utotoni. Nilikuwa nimechoka na kile kisa cha mke wake Faile kutekwa na Shaido, lile kabila la wapiganaji, nikaona hapa hakuna kitu, nikasoma muhtasari wa mistari minne nikaendelea. Nikaingia cha 11, Knife of Dreams, nikafika kule Malden ambako lile jambo linamalizika, watu wote wanasifia, mimi sihisi kitu. Nimekauka. Nikajua kabisa nimejiibia mwenyewe, nikarudi nyuma.

Na kule nyuma kulikuwa na nini? Kuna mji mmoja unaitwa So Habor. Perrin anaenda kununua nafaka kwa ajili ya watu wake, anakuta nafaka imebunguliwa, fukusi wamejaa, na wenyeji wa mji wachafu, hawalali, macho yamewatoka, wanaogopa kwa sababu wafu wanatembea kwenye kuta. Na Perrin hana pengine pa kununua, inabidi wapepete, gunia kwa gunia, kwenye baridi. Mimi nimekulia kwa bibi, najua mahindi yaliyoingiwa na fukusi yanavyonuka ukifungua gunia, ule unga unga unaodondoka, na bibi anavyokaa na ungo kutwa nzima bila kusema neno maana hakuna mahindi mengine. Ile sura niliisoma polepole sana. Hakuna vita pale wala uchawi mkubwa, ila nilielewa dunia yao inaoza kweli, inaoza kuanzia ghalani, na hakuna muhtasari wa mistari minne ungenipa hicho.

Afu kuna shoka. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Kwenye kitabu cha kwanza kabisa, cha 1990, Elyas yule mtu wa mbwa mwitu anamwambia Perrin kwamba maadam analichukia lile shoka lake basi aendelee kulibeba, ila siku akiacha kulichukia alitupe mbali akimbie. Maneno mawili matatu tu, unayapita. Kwenye cha kumi, Perrin anahoji mateka wa Shaido, anataka kujua mke wake alipo, na anamkata mateka mmoja mkono kwa lile shoka. Yeye, Perrin, yule kijana mpole wa kufua chuma aliyekuwa anaogopa hata kusukuma mtu. Halafu anaenda analiacha shoka limekita kwenye mti anaondoka. Miaka 13 kutoka lile neno la Elyas mpaka lile shoka kwenye mti! Jordan mwenyewe alipigana Vietnam, na mimi naamini mtu asiyejua vita asingeiandika ile sura kwa utulivu ule, bila kelele, bila kumtetea Perrin. Kwangu mimi hiyo ni moja ya sura bora kwenye sirizi nzima na iko ndani ya kitabu ambacho niliambiwa hakuna kinachotokea.

Sisemi kitabu hakina makosa, kinayo. Siasa za Elayne anayegombea kiti cha umalkia kule mji wa Caemlyn zinavutwa mno, na siku ya Egwene kambini inakula sura kadhaa mfululizo huku Aes Sedai, wale wanawake wenye uchawi, wanakuja na majina mapya ambayo hata daftari halitoshi, na utangulizi wenyewe ni mrefu kama kitabu kidogo. Hapo mimi nilitumia ujanja mwingine, zile sura nzito nilizisikiliza badala ya kusoma, kuna toleo la sauti limesomwa na Michael Kramer na Kate Reading, ni mtu na mkewe, na Kate ndo anasoma sura za wanawake. Ukiwa kwenye foleni ya jioni kwenye daladala, mabishano ya Aes Sedai yanakuwa kama unasikiliza akina mama wa kikoba wakigombania hela ya mwezi, yananoga kabisa. Usiruke, sikiliza.

Na kama una moyo wa huruma kumbuka na hili. Jordan alifariki Septemba 2007, hakumaliza. Cha 11 ndo cha mwisho alichokikamilisha yeye mwenyewe kwenye mfululizo mkuu, na mke wake Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, ndo aliyemchagua Brandon Sanderson kuendeleza kutoka kwenye alichoacha, vikatoka vitatu, 2009, 2010 na 2013. Vitatu hivo vina spidi na mimi navipenda sana, ila mkono sio ule. Ule mwendo wa kukaa na mtu chumbani mpaka unajua kikombe chake kimepoa, ule wa cha kumi, hauupati tena huko mbele. Nilipofika cha 12 nikaanza kuutamani, kitu ambacho nisingeamini kabla.

Kwahiyo nyumbani kwangu cha 10 na cha 11 nimevifunga pamoja kwa rababendi, ukiazima unaazima vyote viwili au uache. Mdogo wangu amevichukua mwezi uliopita. Wiki mbili kimya, nikajua ameshakwama kwa Elayne, nikamwacha. Juzi usiku saa tano simu inalia, meseji yake: "Dada, hivi Elyas alimwambiaga nini Perrin kuhusu lile shoka kule mwanzo?" Nikamjibu akachukue kitabu cha kwanza kwenye kabati la sebuleni, kile kisicho na jalada la nyuma, atafute mwenyewe.