Maswali ya Wasomaji: Vipokea Sauti vya Kulalia Ndani ya Ndege

SWALI: Asalaam aleikum, ndugu Mshauri. Mimi ni mfanyabiashara wa korosho, naishi Shangani hapa Mtwara. Msimu ukimalizika nitasafiri na wenzangu kwenda Ho Chi Minh City, Vietnam, kuonana na wanunuzi. Tutaondoka Dar es Salaam kwa ndege, tutabadilisha Doha, na tutafika siku ya pili. Usingizi wangu ni mwepesi na nimezoea kulala ubavu. Nilinunua vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, vile vyenye kijiti kinachoning'inia, ili nisikilize kisomo cha Kurani mpaka usingizi unichukue, lakini nikivilalia kidogo tu sikio linauma hadi naamka. Wenye maduka wananishauri nitafute vya bei kubwa zaidi. Je, nikiongeza fedha maumivu yatakwisha? – Mama wa Korosho, Mtwara.

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Fedha peke yake haitayamaliza maumivu hayo, kwa sababu kinachopandisha bei ya vipokea sauti kwa kawaida ni ubora wa sauti, maikrofoni za kupigia simu na betri, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholisaidia sikio lililobanwa kati ya kichwa na mto. Vipo vya bei kubwa sana ambavyo ni vinene kuliko hivyo ulivyo navyo, na vipo vya waya vya bei ndogo ambavyo mtu anaweza kuvilalia hadi asubuhi. Anayetafuta vya kulalia atazame umbo na ulaini kwanza, na suala la sauti alifikirie baadaye.

Kabla hujanunua vingine, chunguza ni sehemu gani hasa ya sikio inayouma, maana kila sehemu ina sababu yake. Maumivu yakiwa katika bakuli la sikio, yaani ule uwazi ulio nje ya tundu, basi mwili wa kifaa ni mkubwa au una kona zinazosukuma kigegedu, yaani ule mfupa laini unaolipa sikio umbo lake, na hapo huna budi kutafuta umbo dogo zaidi. Yakiwa ndani ya tundu lenyewe, mara nyingi ile ncha ya mpira ni kubwa mno au imeingia mbali mno. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, nao umejipinda. Theluthi yake ya nje imejengwa kwa kigegedu chenye kustahimili, lakini sehemu ya ndani ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa, na ncha ikiigusa huko utaumia hata kama umekaa wima. Aina ya tatu ya maumivu huja pale tu unapolaza kichwa, na nadhani ndiyo yako: kile kijiti na mgongo wa kifaa hutokeza nje ya sikio, kwa hiyo mto unapokisukuma kifaa, chote huingia ndani kama msumari unaogongwa.

Kwa hiyo, tafuta vipokea sauti visivyo na kijiti, ambavyo vikishavaliwa havitokezi kupita kile kigegedu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Kipimo chake ni rahisi. Vivae, kisha pitisha kiganja kilichonyooka juu ya sikio ukikibonyeza taratibu kuelekea kichwani. Kiganja kikigusa sikio kabla ya kugusa kifaa, umepata umbo linalofaa; kikigusa kifaa kwanza, mto nao utakigusa kwanza. Ukikuta vya waya ambavyo waya wake huzungushwa juu na nyuma ya sikio, usivipuuze, kwa kuwa vingi vya namna hiyo hujaa vizuri ndani ya bakuli la sikio, na waya hauvutwi kirahisi unapogeuka. Tena havina betri ya kuisha, jambo ambalo kwa safari yako ni muhimu: vipokea sauti vingi visivyo na waya hudumu kati ya saa tano na nane kwa chaji moja, na wewe una ndege mbili za saa nyingi. Angalia tu kama simu yako bado ina tundu la milimita 3.5, maana simu nyingi za sasa hazina, nawe utahitaji kiunganishi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji.

Vipo pia vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kulala. Kampuni ya Bose ilitoa vya kwake mwaka 2018, vidogo sana na visivyopiga muziki kabisa, ila sauti za mvua, mawimbi na mfano wake zilizohifadhiwa humo humo ndani. Mwaka uliofuata iliviondoa sokoni na kuwarudishia wateja fedha zao kwa sababu ya matatizo ya betri, kisha mwaka 2020 ikaleta toleo la pili. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ugumu wenyewe ulipo. Kifaa kikifanywa kidogo ili kilalike, betri nayo hudogoka, kwa hiyo usishangae ukiona vya kulalia vinaahidi saa chache kuliko vikubwa. Leo zipo kampuni nyingine zinazovitengeneza, na baadhi hupiga chochote kilichomo kwenye simu, lakini uliza jambo hilo kabla ya kulipa, kwa maana wewe unataka kisomo na si sauti ya mvua.

Sasa tuje kwenye ncha, ambazo kwa maoni yangu zina uzito kuliko kifaa chenyewe, ingawa wanunuzi wengi huziacha zilivyokuja. Ndani ya boksi mara nyingi kuna ncha za silikoni za ukubwa wa aina tatu, na ile ya kati ndiyo iliyokwisha kuvalishwa. Jaribu zote, na ujaribu kila sikio peke yake, kwa kuwa si jambo la ajabu masikio mawili ya mtu mmoja kutofautiana. Ukiweza, tafuta ncha za sponji laini inayobonyea na kurudi taratibu. Unaiviringisha katikati ya vidole mpaka iwe nyembamba, unalivuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili ili mfereji unyooke, unaiingiza, kisha unaishikilia kwa nusu dakika hivi mpaka ijae. Sponji hufuata umbo la sikio lako badala ya kulilazimisha sikio lifuate umbo lake, na ndiyo maana wenye usingizi mwepesi huipenda. Utajua imekaa sawa ukisikia sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani unapozungumza.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine ambayo naomba uizingatie sana. Kelele ndani ya ndege iliyo angani hukaribia desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mara nyingine huzidi kiwango hicho. Mtu ambaye ncha zake zimelegea hulazimika kupandisha sauti ya simu ili ishinde mvumo wa injini, halafu analala nayo hivyo hivyo kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa mtu mzima usikilizaji wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda salama unavyopungua kwa kasi. Ukiwa umeziba vyema, kisomo cha sauti ya chini kabisa kitakutosha. Weka pia kipima muda kwenye simu ili sauti izimike yenyewe baada ya nusu saa au saa moja, na uzihifadhi sura unazozitaka ndani ya simu ungali nyumbani, kwa kuwa angani usiutegemee mtandao.

Kuhusu namna ya kulala, omba kiti cha dirishani, na ikiwezekana kiwe mbele ya mabawa, ambako mvumo wa injini huwa mdogo kuliko nyuma. Chukua kanga, ikunje ngata kama ile ya kubebea ndoo, kisha uiweke kati ya kichwa na ukuta wa ndege, sikio likae katikati kwenye uwazi. Uzito wa kichwa utabebwa na mfupa unaolizunguka sikio, na kifaa hakitaguswa na kitu. Ile mito ya shingoni inayouzwa viwanja vya ndege ni mizuri kwa shingo, lakini mingine hupanda mpaka kwenye sikio na kurudisha maumivu yale yale.

Usivijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa tayari umekaa kwenye ndege. Vilalie nyumbani usiku kadhaa, feni ikiwa inazunguka. Na kama utakwenda Dar es Salaam kwa basi, basi hicho ni kipimo kizuri kuliko vyote: ile njia ndefu ya kupitia Lindi, Nangurukuru na daraja la Mkapa, huku umeegemea kioo cha dirisha, itakuonyesha mapema kama unahitaji ncha ndogo zaidi.

Jambo la mwisho kwako ni la afya. Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi, sawa na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, na inaposhuka hewa hiyo huongezeka uzito upesi. Sikio husawazisha kwa kumeza mate au kupiga miayo, na mtu aliyelala humeza mara chache. Ncha iliyoziba kabisa nayo huifungia hewa iliyo kati yake na kiwambo cha sikio. Kwa hiyo mwombe mhudumu, au mwenzako wa kiti cha jirani, akuamshe ndege inapoanza kushuka, kwa kawaida kama nusu saa kabla ya kutua. Vitoe vipokea sauti, tafuna kitu au unywe maji. Wakati wa kuruka pia usivivae, ili usikie maelekezo.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa Masasi, nakwenda India kusoma. Mjomba ameahidi kuninunulia vipokea sauti vinavyofuta kelele. Vitanifaa kwa kulala kuliko vizibo vya sponji vya kawaida? – Mwanafunzi, Masasi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vifaa hivyo vina maikrofoni ndogo zinazoipokea kelele ya nje, kisha kifaa kinatoa mawimbi ya sauti yaliyo kinyume chake, na hivyo viwili hufutana. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alilifikiria wazo la kuitumia njia hii kwa abiria akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich mwaka 1978, na mwaka 1989 kampuni yake ikawaletea marubani kifaa cha kwanza cha namna hiyo. Njia hii ina nguvu sana dhidi ya mvumo mzito usiobadilika, yaani injini, lakini haina nguvu kubwa dhidi ya mtoto anayelia au abiria wanaozungumza, kwa kuwa sauti hizo ni kali na hubadilika kila mara. Sponji ni kinyume chake: huzuia vizuri sauti kali, na mvumo mzito huupunguza kwa kiasi kidogo zaidi.

Kwa hiyo, kifaa kinachofuta kelele na kilichovalishwa ncha za sponji hukusanya faida zote mbili, na zawadi ya mjomba si ya kukataliwa. Lakini vingi vya aina hii ni vinene, hula betri haraka zaidi, na wapo watu wanaohisi kama masikio yamebanwa na hewa vinapowashwa. Ukiwa unalala chali, au umeinamisha kichwa kidogo tu, vitakufaa sana. Ukiwa ni mtu wa kulala ubavu, mimi ningekupa vizibo vya sponji vya kawaida, vile vinavyotumiwa na mafundi kwenye mitambo, na hivyo vingine ungevitumia ukiwa macho. Pawabenki yako uiweke kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Na kipokea sauti kikikudondokea katikati ya viti, usikisogeze kiti wala kukirudisha nyuma, maana betri ikisagwa na vyuma vya kiti inaweza kushika moto. Mwite mhudumu akitoe.

SWALI: Nimekuwa nikilala na vipokea sauti kila usiku ili nizoee kabla ya safari, na sasa masikio yananiwasha na kutoa unyevu. Niendelee? – Msomaji, Lindi.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, acha kuvivaa kwa sasa. Joto na unyevu wa pwani yetu, vikifungiwa ndani ya sikio usiku kucha, huwapa fangasi na bakteria mahali pazuri pa kuota, na ncha iliyovaliwa bila kuoshwa huwarudisha kila siku. Usilichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku wala pamba ya kijiti, kwa sababu utaikwaruza ngozi na kuisukuma nta ndani zaidi. Nenda hospitali ya mkoa, Sokoine, wakulitazame sikio kabla hujatia dawa yoyote ya matone, kwa kuwa dawa ya fangasi na ya bakteria si moja, na kama kiwambo kimetoboka baadhi ya matone yanaweza kudhuru.

Ukishapona, osha ncha za silikoni kwa maji na sabuni isiyo kali, uzianike zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha kwenye kijaluba chake, na za sponji uzibadilishe zinapoanza kunuka au kushindwa kujaa tena. Usimwazime mtu. Usiku ambao huhitaji kuvivaa, liache sikio lipate hewa. Na kama tarehe ya kuruka itafika kabla hujapona, mweleze daktari kwamba unasafiri kwa ndege, kisha uulizie utepe wa kitambaa wa kufunga kichwani wenye spika bapa ndani yake. Hauzibi kelele sana, lakini hauingizi kitu chochote katika tundu la sikio.