Mdogo wangu, andika barua na ubaki na kopi

Juzi binti mmoja wa mtaani kwetu alinifuata nikiwa nafua, ana mimba ya miezi mitano, anafanya kazi kwenye ofisi moja ya mizigo hapa Dar, akaniuliza "dada, likizo ya uzazi nikimwambia bosi kwa mdomo si inatosha?" Niliacha nguo kwenye beseni nikakaa naye barazani karibu saa nzima, maana mimi mdomo huohuo ndio ulioniponza, na nikajua hili lazima niliandike wasome na wengine.

Kazi yangu ya kwanza nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja, jina naliacha. Miaka mitatu nafunga hesabu za stoo peke yangu. Nilipopata mimba nilimwambia bosi akafurahi kabisa, akasema "hongera mama, nenda tu, kazi yako ipo." Nikaletewa kijana wa kunishikia nafasi, nikamfundisha kila kitu, mpaka daftari la kijani ninaloandikia mizigo inayorudishwa na wateja nikamkabidhi. Nikajifungua salama, siku zikaisha, nikarudi. Namkuta yule kijana amekaa kwenye kiti changu na daftari liko wazi mbele yake, kurasa za mwanzo mwandiko wangu, zinazofuata mwandiko wake. Bosi hakunifukuza wala hakuniambia nimeachishwa, alisema tu "rudi nyumbani kwanza, tutakupigia." Nikiwa nimesimama palepale maziwa yakaanza kutoka, blauzi ikalowa mbele ya watu wote, nikajifunga kanga kifuani nikaondoka.

Nikasubiri simu. Wiki, mwezi, mwezi wa pili, kila simu ikiita naruka. Baadaye mwenzangu wa palepale ofisini ndo ananiambia yule kijana analipwa zaidi ya nilivyokuwa nalipwa mimi, kazi ileile, daftari lilelile.

Nilipokuja kushtuka nikaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, pale ndo unapopeleka malalamiko ya kazi. Yule ofisa alinielekeza vizuri sana, sitasahau. Akanieleza kama umeachishwa kazi unatakiwa ufungue shauri ndani ya siku 30, malalamiko mengine ya kazi siku 60, ukichelewa kuna fomu ya kuomba uruhusiwe kufungua nje ya muda lakini lazima uwe na sababu za kueleweka na ukiwa na ushahidi ndo vizuri zaidi. Ushahidi wangu ulikuwa nini? Kwamba niliambiwa nisubiri simu. Niliambiwa kwa mdomo. Sina barua, sina hata meseji moja. Nikarudi nyumbani na fomu yangu sikuijaza.

Sasa ona kinachouma, sheria ilikuwa upande wangu muda wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (hii ni ya huku Bara, Zanzibar wana yao) inampa mwajiriwa aliyefikisha miezi sita kazini likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mshahara kamili, ukijifungua mapacha siku 100, na ukirudi unarudi kwenye kazi yako kwa masharti yaleyale. Mtoto akifariki kabla ya mwaka, Mungu atuepushe, hiyo likizo unaipata tena. Mimba siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, hilo limeandikwa waziwazi. Na ukiwa unanyonyesha una haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi ukamnyonyeshe mtoto, hii wanawake wengi hawaijui kabisa, wanakamulia maziwa chooni kwa kujificha kama wanaiba.

Kwa hiyo yule binti nilimwambia hivi. Andika barua sasa hivi, usisubiri tumbo liwe kubwa, sheria inataka mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua pamoja na cheti cha daktari. Weka tarehe ya matarajio, ile iliyopo kwenye kadi ya kliniki, weka siku unayotaka kuanza likizo, unaruhusiwa kuanzia wiki nne kabla, halafu weka na siku utakayoripoti kazini, hii ya kuripoti usiiache hata kidogo. Toa kopi mbili, peleka mapokezi, wagonge muhuri wa kupokea kwenye kopi yako na tarehe ionekane. Wakikataa kugonga usigombane na mtu, piga picha barua, mtumie bosi WhatsApp kwa adabu zote, "Shikamoo bosi, naambatanisha barua yangu ya likizo ya uzazi", akijibu hata "sawa" tu basi umeshamaliza. Na ukiambiwa "nenda utapigiwa", siku hiyohiyo mwandikie, "Kama ulivyonielekeza leo nisubiri nyumbani, naomba kujua narudi lini." Halafu anza kuhesabu siku zako 30.

Ujauzito wa pili nilikuwa kazi nyingine na nilifanya hivyohivyo. Niliporudi wakataka kunishusha niwe msaidizi wa yule niliyemwachia nafasi, sikubishana, nilitoa tu kopi kwenye mkoba, ina muhuri na tarehe na jina la cheo changu, nikaiweka mezani. Wakanyamaza. Jumatatu nilikuwa kwenye nafasi yangu, na masaa ya kunyonyesha niliomba kwa barua vilevile, natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja, nafika mwanangu bado macho.

Kuhusu mshahara nitasema kidogo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri alipe sawa mwanamke na mwanaume kwenye kazi ya thamani sawa. Lakini utajuaje kama hujui mwenzako anapata ngapi? Ulizaneni jamani, tumefundishwa kuona aibu kutaja mshahara na aibu hiyo inawafaidisha wengine. Na kama huna mkataba wa maandishi usidhani ndo huna haki, mkienda mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuuleta huo mkataba, kazi ya kuthibitisha masharti yalikuwa yapi inamwangukia yeye.

Kuna jambo moja lilinichoma lakini lazima niliseme. Kipindi chote hicho naandika barua zangu na kugongesha mihuri, nyumbani kwangu kulikuwa na dada wa kazi za ndani anayeniwezesha mimi kwenda kazini, ana miaka 19, hana karatasi yoyote, hana siku ya kupumzika, na mshahara wake nilikuwa namtumia mjomba wake aliyemleta. Sheria ni hiyohiyo, yeye naye ni mwajiriwa, ana haki ya masharti yake kuandikwa na ya masaa 24 ya kupumzika kila wiki. Jumapili moja nikachukua karatasi ya daftari la mwanangu nikaandika mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, likizo, tukasaini wote wawili. Aliisoma taratibu kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye mshahara akanyamaza, halafu akaniuliza kama anaweza kuongeza kitu. Nikampa kalamu. Akaandika namba yake ya simu, kwamba hela iingie hapo.