Okonomiyaki inayovunjika ukigeuza

Dada, umesema okonomiyaki yako, kile chakula cha Kijapani cha kabichi, unga na mayai kinachokaangwa, inabaki mbichi katikati na kuvunjika ukiigeuza. Nadhani uji wa unga ni mwingi kuliko kabichi. Ile ya mji wa Osaka ni kabichi iliyoshikwa na uji kidogo tu, siyo chapati ya maji. Kwa watu wawili: unga wa ngano gramu 100, maji au supu ya samaki mililita 100, mayai 2, chumvi, baking pauda nusu kijiko cha chai, na kabichi gramu 300. Wajapani hutia kiazi chao cha nagaimo kilichokwaruzwa ili ilainike. Baking pauda inakifidia kiasi.

Kabichi ikate ndogondogo, ikauke maji, na uichanganye na uji dakika ya mwisho. Ukiiacha ikae inatoa maji, na hapo ndipo inapovurugika. Koroga kidogo tu.

Kikaango kiwe na moto wa wastani, mimina mchanganyiko uwe na unene wa sentimita 2, panga kamba au vipande vyembamba vya nyama juu. Funika dakika 5, geuza kwa kutumia sahani, dakika 5 nyingine. Na tafadhali usiikandamize na mwiko!

Sosi: Worcestershire, tomato sosi, soya sosi kidogo na sukari. Halafu mayonezi. Mwani na samaki mkavu wa kuparwa ukivipata weka, ukivikosa kula tu. Ile ya Hiroshima, ya kupanga matabaka na tambi, iache kwanza.