Barua kwa mwanangu: pima majani kabla ya kununua mbuzi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya banda, na mtamba mmoja, mbuzi jike ambaye hajazaa, akapitisha kichwa begani kwangu akaila kona ya chini. Kwa hiyo kama kuna swali nitaliruka, mlaumu huyo.

Unauliza uanze na mbuzi wangapi kwenye kile kiwanja cha nyuma ya nyumba, kama kuku na sungura wanaweza kuingia banda hilohilo ili uokoe mbao, na kama ni lazima ununue beberu. Halafu mwishoni, kwa mwandiko mdogo, umeandika kwamba safari hii hutaacha mlango wa stoo wazi. Hilo nitalifikia.

Anza na wawili, majike wote. Mmoja hatoshi, kwa sababu mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimweka peke yake atalia mchana kutwa na kutafuta tundu la kutokea mpaka alipate. Ila hao sita unaowawaza ni wengi, na sisemi hivyo kwa sababu ya ukubwa wa kiwanja. Watu wengi huhesabu mbuzi kwa nafasi ya banda. Mimi nahesabu kwa majani ya ule mwezi mbaya kuliko yote katika mwaka, mvua ikiwa imekatika na kila kichaka kimebaki vijiti. Idadi utakayoweza kuishibisha mwezi huo ndiyo idadi yako. Wakati wa majani mengi hata mtu mvivu ana mbuzi wanono.

Mbuzi wa kilo 30 anahitaji kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hapo ni kilo nne au tano, na bado mengine atayaangusha na akishayakanyaga hayagusi tena. Sasa fanya hivi kabla hujanunua hata mmoja: kwa wiki mbili, kila siku, ukitoka kazini kata kilo kumi za majani, yapime, yapeleke nyuma ya nyumba, kisha yamwage kwenye shimo la mboji. Siku ya mvua pia. Siku ya kuumwa kichwa pia. Ukifika siku ya tisa ukaona huwezi, utakuwa umepoteza majani tu na mboji umeipata. Na ukiweza, utakuwa umeshajua ni kichaka kipi kinachipua upesi na ni wapi upande miti ya malisho. Ipande mwaka huu, mbuzi waje mwakani. Najua hutaki kusikia hilo.

Banda liinue kutoka ardhini kiasi cha kuweza kufagia chini yake bila kupiga magoti. Sakafu iwe ya mbao nyembamba zilizoachana kama sentimita moja na nusu: kinyesi kipite, kwato isipite. Nafasi ikizidi, mwanambuzi atavunjika mguu. Ikipungua, mavi yataganda na utakuwa umejenga sakafu ya kawaida kwa gharama kubwa. Hori lining'inie nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu. Ukiliweka ndani atalifanya kitanda, halafu choo.

Kuku nao? Mchana waache wachakure chini ya banda, wanapenda funza wa kwenye samadi. Usiku walale kwao. Wakilala juu ya mbuzi watainyea hori na ndoo ya maji, na zaidi ya hapo, chakula chao hakitakiwi kuwa mahali ambapo mbuzi anaweza kukifikia. Ndipo tunarudi kwenye ule mlango.

Mwanangu, hukuuacha wazi wewe. Uliokota mayai jioni ile, ukafunga, nilikuona. Ni mimi niliyerudi baadaye kuchota chakula cha kuku, taa mkono mmoja na bakuli mkono mwingine, nikalisukuma komeo kwa kiwiko bila kutazama kama limeingia. Asubuhi nikamkuta mbuzi wetu Kipaku amesimama stooni, gunia limepasuka, midomo imejaa unga. Alionekana mzima kabisa, hata nikamcheka. Mchana akawa amesimama ukutani anasaga meno, ubavu wa kushoto umejaa, na ukiusukuma kwa ngumi unasikia maji yakichezacheza ndani. Jioni akaanza kuharisha. Usiku wa pili hakuamka.

Wewe ulijihukumu mwenyewe kabla mtu hajakuuliza, nami nikanyamaza, kwa sababu nilimwonea aibu baba yako. Miaka yote hii sikujua kwamba bado umelibeba. Nisamehe.

Kilichomuua si sumu. Tumbo lile kubwa la kwanza lina vijidudu vilivyozoea kusaga majani polepole. Nafaka nyingi ikiingia kwa mkupuo huchachuka haraka, asidi hupanda, vijidudu vyenyewe hufa, na asidi hiyo huendelea mpaka kwenye damu. Dalili huja saa kadhaa baadaye, kwa hiyo ukikuta mbuzi amevamia gunia, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo hata kama anakutazama kwa macho makavu kama Kipaku. Na ukitaka kuwapa pumba au nafaka, anza na kiganja kimoja, uongeze kidogokidogo kwa wiki mbili.

Sungura waache kwanza. Wanabeba mimba siku 31 tu, na kabla hujajua utakuwa na vizimba vinane. Tena mkojo wao una hewa kali inayochoma macho na mapafu. Wanataka mahali pao penye upepo.

Beberu usinunue. Anakula mwaka mzima kwa kazi ya siku chache, harufu yake itaingia mpaka kwenye maziwa, na kwa majike wawili hana maana. Jike akiwa tayari utamjua: analia bila sababu, anatikisa mkia haraka haraka, anapanda wenzake. Hali hiyo hudumu siku moja au mbili, na ikikupita hurudi baada ya siku 21 hivi. Mpeleke kwa beberu wa mtu unayemwamini, mwenye mifugo isiyokohoa wala kuharisha, na hakikisha si baba yake wala kaka yake. Kisha andika tarehe kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Mlango wetu umejaa tarehe hizo, nyingine ni mwandiko wako wa darasa la tatu. Hesabu siku 150, ukae karibu. Na wana wa kiume watenge na majike wakifika miezi mitatu, maana wa miezi minne tayari anaweza kumpa mimba mama yake.

Siku ya kuzaa usiwe na haraka ya kuvuta. Kikawaida utaona kwato mbili za mbele na pua imelalia juu yake. Ukiona mkia, au mguu mmoja tu, au mama amesukuma nusu saa kwa nguvu na hakuna kinachosogea, tafuta msaada. Kitoto akitoka, futa pua, kitovu kichovye kwenye ayodini, kisha umhakikishie dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Anazaliwa hana kinga yoyote aliyopata tumboni. Kinga yake yote imo humo, na utumbo huipokea vizuri saa chache za mwanzo tu. Mimi huminya chuchu kwanza kuondoa kile kizibo cha nta, ndipo namsogeza. Akishanyonya ukaona kamkia kanapiga kama kamba ya ngoma, nenda kalale.

Chanjo ya sotoka kwa mbuzi na ya mdondo kwa kuku muulize daktari wa huko, yeye anajua ratiba. Ukipewa dawa yoyote, uliza siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kula nyama, uandike nazo mlangoni.

Minyoo ndiyo itakayokusumbua kuliko vyote. Wapo wanaokaa tumbo la nne na kunyonya damu, na mbuzi anaweza kuwa nao bila kuharisha hata mara moja. Kwa hiyo usitazame mavi, tazama jicho. Mbane kichwa kwapani, sukuma kope ya juu kwa kidole gumba, teremsha ya chini kwa kingine: utando wa ndani ujitokeze. Ukiwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, mwache. Ukiwa wa waridi hafifu, mwangalie tena baada ya siku chache. Ukiwa mweupe kama karatasi hii, hana damu, na akikimbizwa kidogo anaweza kuanguka hapo hapo. Uvimbe laini chini ya taya nao ni dalili hiyohiyo. Fanya mwangani, si chini ya taa ya manjano. Niliwahi kumpita mgonjwa hivyo.

Mnyweshe dawa yule mwenye jicho jeupe, kwa kipimo cha uzito wake halisi. Zamani tuliwanywesha wote kila baada ya miezi mitatu kwa kukadiria, na tulichofuga hasa kilikuwa minyoo sugu. Asubuhi usiwatoe mpaka umande ukauke, kwa sababu lava, yaani minyoo wachanga, hupanda kwenye majani yenye maji, na wengi hukaa sentimita kumi za chini. Mbuzi akila vichaka usawa wa kichwa chake, umeshinda nusu ya vita bila chupa.

Kwato zipunguze kila wiki sita hadi nane. Kisu nitakupa kile cha baba yako, usikinoe kwa mashine.

Wale mitamba wawili wa ukoo wa Kipaku nimekuwekea, akiwamo huyu mla barua. Ila sitawaleta kabla sijaona picha ya sakafu, na uweke rula juu ya nafasi kati ya mbao ili nisome mwenyewe.

Mama yako.