Mpiga Debe Hapandi Gari

Mimi ni ajenti wa forodha hapa Busia. Nakula kamisheni, nalala na kamisheni. Ningekuwa mtu wa mwisho kuliwa na kamisheni ya mwenzangu, lakini mwaka 2022 tovuti ya kutabiri hisa iliniacha bila dola 400.

Mwanzo ulikuwa mzuri. MTN Uganda ilipoingia Soko la Hisa la Uganda Desemba 2021, mimi nilikuwa nimeshanunua hisa zake kwa shilingi 200 kila moja, nikajiona mwekezaji. Usiku nikawa nasoma tovuti za kutabiri hisa. Moja ilinikamata: kila asubuhi ilitaja hisa ya Marekani "ya kununua leo", na chini ya kila makala kulikuwa na kitufe cha kijani cha kufungulia akaunti kwa dalali fulani wa mtandaoni. Ilikuwa pia na orodha ya madalali bora kwa Waganda. Nani alikuwa wa kwanza? Yule yule wa kitufe.

Nikaweka pesa, nikanunua. Kumbe sikununua hisa yoyote. Ulikuwa mkataba wa tofauti ya bei, wanaouita CFD: hakuna hisa inayoandikwa kwa jina lako, mnawekeana dau tu kwamba bei itapanda au itashuka, tena sehemu kubwa ya dau ni mkopo wa dalali. Madalali wengi wa aina hii husimama upande wa pili wa dau lako, kwa hiyo hasara yako ni chakula chao. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo wa CFD hupoteza pesa.

Na mwenye tovuti anapata wapi? Kuna wanaolipwa mara moja kwa kila mteja anayeweka amana. Kuna wanaopewa fungu la kile dalali anachovuna kwako, mwezi hata mwezi. Hao wa pili ndio wa kuogopa. Akikuambia ushike hisa yako utulie miaka mitano, atakula nini? Lazima kila siku iwe na "hisa ya leo".

Pale stendi kwetu kuna vijana wanaoita "Kampala, Kampala, bado mmoja!" hata gari likiwa na watu watatu. Hulipwa likijaa. Likiharibika Iganga, yeye hayumo ndani. Nimeishi nao miaka yote hiyo, na bado sikumtambua mwenzao alipokuja kwenye simu.

Siku hizi naanzia chini ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo. Sheria ya hisa ya Marekani ya 1933 humtaka anayelipwa na kampuni au dalali ili kuielezea hisa aseme kwamba amelipwa, na kiasi gani. Kisha natazama linki yenyewe: ikiwa na neno "ref" au msururu wa namba mwishoni, mara nyingi kuna mtu anayehesabiwa kwa kubofya kwangu. Na dalali yeyote namtafuta kwanza kwenye orodha ya wenye leseni ya Capital Markets Authority, Kampala, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Uganda. Hisa za hapa nyumbani huingia kwenye akaunti yako ya SCD, yaani hifadhi kuu ya hisa, kwa jina lako, si kwa jina la dalali.

Hata hao wenye leseni si malaika. Hukata kamisheni ukinunua na ukiuza, kwa hiyo akikupigia simu kukuhimiza uuze hii ununue ile, jua amehesabu mara mbili. Lakini angalau yeye ana ofisi ninayoweza kwenda kusimama mlangoni.

Yule wa tovuti alikuwa na kundi la Telegram. Nilimwuliza humo, kwa adabu kabisa: ndugu, kwa kila mmoja wetu unalipwa ngapi? Hakunijibu. Dakika chache baadaye nikakuta nimeondolewa kwenye kundi.