Maswali yenu: Japani ilivyogeuzwa tishio

Wengi wenu mmeuliza jinsi kauli za wanasiasa zinavyofanya taifa fulani lionekane hatari. Nimejibu kwa kisa cha Marekani na Japani miaka ya 1980, kwa kuwa hawa walikuwa marafiki.

Ndugu mwandishi, maneno matupu yanaweza kumgeuza rafiki kuwa adui? (Msomaji, Tanga)

Matupu, hapana. Lazima pawe na maumivu ya kweli. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1979, Wamarekani walitaka magari madogo, na Wajapani ndio waliokuwa wakiyatengeneza vizuri. Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, watu wakaachishwa kazi kwa maelfu. Mwanasiasa angeweza kueleza kwamba kampuni za nyumbani zilichelewa. Wengi waliona rahisi zaidi kumlaumu Mjapani, na kumbukumbu ya Pearl Harbor, kambi ya Marekani iliyoshambuliwa na Japani mwaka 1941, ilikuwepo, inangoja kuchokonolewa.

Nitajuaje kwamba hofu imekuzwa? (Msomaji, Nakuru)

Tafuta nani mwingine kafanya jambo lile lile na hakuguswa. Mwaka 1987 ilifichuka kwamba kampuni tanzu ya Toshiba iliwauzia Wasovieti mashine za kuchongea mapangaboi ya nyambizi, kinyume cha makubaliano ya nchi za Magharibi. Kosa zito, silitetei. Wabunge kadhaa wa Marekani wakasimama nje ya jengo la Bunge na nyundo, wakaiponda redio ya Toshiba mbele ya kamera. Lakini mitambo ya kuziongoza mashine hizo ilitoka Kongsberg, kampuni ya Norwei. Norwei ililaumiwa, ila haikugeuzwa sura ya adui wa taifa.

Hali ikawa hiyo hiyo mwaka 1989, kampuni ya Kijapani ya Mitsubishi Estate iliponunua hisa nyingi za kampuni iliyomiliki Rockefeller Center, majengo maarufu ya New York. Kelele zikawa "wanatununua!" Wakati huo Waingereza walikuwa na vitega uchumi vingi Marekani kuliko Wajapani.

Hayo ni ya wakubwa. Raia wa kawaida yanamhusu nini? (Msomaji, Mombasa)

Yanamuua. Juni 1982, karibu na Detroit, Vincent Chin, kijana wa miaka 27, alikuwa na rafiki zake siku chache kabla ya harusi yake. Ukazuka ugomvi na wanaume wawili, mmoja msimamizi katika kiwanda cha magari, mwingine aliyeachishwa kazi. Shahidi alisema alisikia Chin akilaumiwa kwa watu kukosa ajira. Walimfuata nje, wakampiga kwa gongo la besiboli, akafa siku nne baadaye. Chin alikuwa na asili ya China, si Japani. Waliomuua walipewa kila mmoja faini ya dola 3,000 na kifungo cha nje. Kila nikisoma kisa hiki nachukia upya.

Kwa hiyo kila tishio ni uongo? (Msomaji, Bukoba)

La, na wewe wa Bukoba unajua. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka, likapora na kuua Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Mwalimu Nyerere hakuhitaji kutabiri lolote. Alikuwa na mambo yaliyokwisha kutokea. Aliposema uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, aliyekusudiwa kupigwa alikuwa Amin. Waganda waliomkimbia Amin walipigana bega kwa bega na wanajeshi wetu hadi Kampala, Aprili 1979.